Utando wa Buibui kwenye Rangi ya Gari: Unakotoka na Namna ya Kuuondoa

Chukua gari jeusi lililotoka kuoshwa sasa hivi, uliegeshe kando ya Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu saa saba mchana, kisha uitazame boneti. Vumbi hakuna, maji yamekauka, gari linang'aa. Lakini pale jua linapojitazama kwenye rangi, nyuzi nyembamba zimelizunguka kama utando wa buibui. Sogea hatua mbili kushoto, na utando nao unasogea. Wengi hudhani huo ni uchafu uliokataa kutoka. Hurudi na kitambaa, husugua kwa nguvu zaidi, na nyuzi huongezeka.

Nyuzi hizo ni mikwaruzo. Kila uzi ni mfereji mdogo uliochimbwa kwenye tabaka la juu la rangi, na mfereji hauwezi kufutwa kwa sabuni. Ama utajazwa kwa muda, ama rangi inayouzunguka inyolewe hadi ilingane na kina chake. Njia ya tatu haipo, na ukilielewa hilo utajua mara moja nani anakuuzia kazi na nani anakuuzia mafuta ya kung'arisha.

Kuhusu umbo la duara kuna dhana moja inayowapoteza watu. Husemwa kwamba utando hutokea kwa sababu mwoshaji alizungusha mkono. Ukweli ni kwamba mikwaruzo imelala ovyo, kila mmoja na upande wake. Mwanga unapotoka sehemu moja, kama jua au balbu, mkwaruzo unaorudisha mwanga machoni pako ni ule tu uliokingama na njia ya mwanga huo. Mingine ipo palepale lakini huioni. Iliyokingama ikizunguka taa pande zote, jicho linaona duara. Jaribu usiku: washa tochi ya simu na uisogeze juu ya mlango. Kitovu cha duara kitafuata tochi popote iendapo. Kwa hiyo kuosha kwa mistari iliyonyooka hakuzuii mikwaruzo. Faida yake ni kwamba ikitokea, itaonekana kutoka pembe chache zaidi. Kinachochimba ni chembe iliyonaswa kati ya kitambaa na rangi, mkono wako uende utakavyokwenda.

Unene ulio nao wa kuchezea

Gari la kisasa kwa kawaida lina matabaka manne juu ya bati: kinga ya kutu, praima, rangi yenyewe, na juu kabisa kliakoti, lile tabaka lisilo na rangi linaloleta mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya jua. Yote kwa pamoja, kwa gari ambalo halijapigwa rangi upya, huwa kati ya maikroni 100 na 150 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Kliakoti peke yake ni kama maikroni 35 hadi 50. Unywele wa binadamu una kama maikroni 70. Yaani mikwaruzo, mng'ao na kinga ya jua, vyote vimo ndani ya ngozi nyembamba kuliko unywele.

Kupolishi kwa uangalifu hunyoa kati ya maikroni 1 na 3. Kazi nzito ya kompaundi, yaani polishi yenye chembe kali, hunyoa zaidi, na msasa wa maji wa namba 2000 zaidi ya hapo. Dawa ya kuzuia jua imo ndani ya kliakoti, kwa hiyo ukiipunguza sana, baada ya miaka michache paa na boneti huanza kupauka na kubambuka, na jua la huku, ambako mstari wa ikweta unapita pale Maseno, halina subira. Hesabu basi: polishi nzito kila mwaka itaimaliza kliakoti gari likiwa bado linatembea vizuri. Tena magari yetu mengi yameletwa kutoka Japani yakiwa yametumika miaka kadhaa, na huenda yalishapolishiwa kabla ya kupakiwa melini. Hujui ulirithi maikroni ngapi, isipokuwa upime.

Rangi nazo hazilingani ugumu. Toyota nyeusi yenye namba 202 inajulikana kwa ulaini wake: hupata utando hata kwa kitambaa kinachoonekana safi, lakini pia hukubali kusahihishwa haraka. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, baada ya herufi C/TR. Magari mengi ya Ujerumani yana kliakoti ngumu inayohitaji pedi (sponji ya mashine ya kupolishi) kali zaidi. Toyota nyingi nyeupe za namba 040 hazina kliakoti kabisa, na ukizipolishi pedi hugeuka nyeupe. Usishtuke, hiyo ni rangi yenyewe inayonyolewa, na inaonyesha jinsi inavyopaswa kunyolewa kidogo.

Vumbi la kwetu

Sehemu kubwa ya mchanga ni silika, na chembe ya silika ni ngumu kuliko kisu cha chuma, sembuse kliakoti. Murramu ya barabara za Kakamega, Siaya na Busia imejaa chembe hizo pamoja na vijiwe vya madini ya chuma. Nakuru ina shida yake: udongo wa maeneo mengi umetokana na majivu ya volkano ya Menengai, na majivu hayo ni vipande vidogo mno vya kioo na mawe mepesi, yaani jamii ileile ya jiwe la kusugulia visigino. Kariandusi, upande wa Gilgil, huchimbwa diatomaiti, udongo mweupe wa silika ambao viwandani hutumika, pamoja na mambo mengine, kung'arishia vyuma. Vumbi la namna hiyo likitua juu ya gari lako Januari au Februari, nawe ukapitisha kitambaa kikavu "kuondoa vumbi tu" kabla ya kwenda kanisani, umelipiga msasa.

Matope ya udongo mweusi wa Ahero na uwanda wote wa Kano hayana makali ya murramu, lakini hukauka yakashika kama saruji. Anayeyabandua kwa kucha au kwa brashi huburuta kila kilichofungwa ndani yake.

Halafu kuna maji. Kwa miaka mingi magari yameoshwa ukingoni mwa ziwa Kisumu, tairi zikiwa ndani ya maji. Ukiacha mafuta na sabuni vinavyoingia ziwani, jambo ambalo peke yake lingetosha kuacha zoea hilo, maji ya ukingoni katika Ghuba ya Winam yamebeba tope na mchanga. Ndoo inachotwa na mchanga wake, kitambaa kinasuuzwa mchangani, na mlango unafutwa kwa mchanga. Maji ya visima vingi vya Nakuru ni masafi kwa macho lakini yana madini mengi. Yakikaukia kwenye bati lenye joto huacha madoa meupe, na madoa hayo yakiachwa wiki kadhaa juani hula kliakoti. Doa likiwa bado jipya, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hulitoa: weka dakika moja kivulini, kisha suuza vizuri. Maji bora ya suuza ya mwisho unayo nyumbani bure, ni ya mvua kutoka kwenye tangi. Hayana madini ya kuacha madoa. Ila mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi la mabati, hivyo yaache yatulie na uchote juu, usichote chini ya tangi.

Kuosha bila kuchimba

Hapa ndipo unaposhinda vita au unaposhindwa. Lengo ni kwamba kabla kitu chochote hakijagusa rangi, uchafu mwingi uwe umeshaondoka wenyewe, na kilichobaki kiwe kinaelea kwenye utelezi.

Egesha kivulini na usubiri boneti ipoe hadi kiganja kitulie juu yake bila kuungua. Mwagia gari lote maji, ukianza juu. Kama una mashine ya presha, bar 80 hadi 130 zinatosha, na mdomo wake ukae sentimita 30 hivi kutoka kwenye rangi. Karibu zaidi ya hapo unaweza kubambua rangi iliyokwisha kupata ufa. Kama huna, ile pampu ya mgongoni ya lita 20 ya shambani hufanya kazi nzuri, mradi iwe mpya. Iliyowahi kubeba dawa ya magugu usiilete karibu na gari wala ngozi yako. Changanya kama mililita 10 za shampuu ya gari kwa kila lita ya maji, nyunyiza, acha dakika tatu hadi tano, suuza kabla haijakauka. Pampu hiyo haina nguvu ya kung'oa matope, lakini ina subira ya kuyalowesha, na tope la Kano linataka kuloweshwa mara mbili au tatu.

Sasa ndoo mbili za lita 20. Moja ina maji na shampuu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ya pili ina maji matupu. Chovya glavu ya maikrofaiba kwenye shampuu, osha sehemu moja, kisha isuuze kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Wavu wa plastiki chini ya ndoo huzuia mchanga uliotulia usipande tena. Anza na paa, kisha vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, na umalizie chini ya milango na nyuma ya tairi, ambako mchanga ni mwingi kuliko kote. Rimu ziwe na kitambaa na ndoo yake. Usikandamize, uzito wa glavu wenyewe unatosha. Ikidondoka chini, kazi yake imeisha kwa siku hiyo. Wengi huiokota, huikung'uta mara mbili na kuendelea, na mkwaruzo mrefu kuliko yote kwenye gari huwa ulizaliwa sekunde hiyo.

Sabuni ya unga si ya gari. Chembe zisizoyeyuka husugua, na ukali wake huondoa nta yote uliyopaka. Sponji bapa nayo si rafiki, kwa kuwa haina nyuzi za kumezea mchanga, hivyo huuweka usoni na kuuburuta. Shati la mitumba lina mishono, na mara nyingine kifungo kilichosahaulika.

Mikwaruzo mingi huzaliwa wakati wa kukausha, kwa sababu utelezi wa shampuu umeshaondoka. Tandaza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya boneti, libonyeze kidogo, livute taratibu kuelekea kwako. Usilizungushe. Pale kwenye vioo vya pembeni na mapengo ya milango, rudi baada ya dakika kumi na kitambaa kingine, maana maji hutoka humo yakiwa na uchafu.

Ukipeleka gari kwa waosha magari wa mjini, si lazima ugombane na kijana ambaye ana magari kumi ya kumaliza kabla ya jioni. Mwombe alipige maji na povu tu, asiguse rangi kwa kitambaa chake, kisha kausha kwa taulo lako uliloleta. Mlipe bei yake kamili. Kinachoumiza magari hapo ni kitambaa kimoja kinachopita kwenye lori la miwa kutoka Muhoroni na kisha kwenye gari lako.

Kuondoa iliyokwisha kuingia

Jaribu kwanza kucha. Ipitishe taratibu kuvuka mkwaruzo. Ikikwama, mkwaruzo ni wa kina na kuufuata hadi mwisho kutamaliza kliakoti, kwa hiyo upunguze makali yake uonekane kidogo, kisha uuache. Utando wa kawaida kucha hauusikii.

Kipima unene wa rangi kikipatikana, pima kila sehemu mahali pengi. Chini ya maikroni 80 hivi, usitumie kompaundi. Zaidi ya 200, sehemu hiyo pengine imepigwa rangi upya, na ikifika mamia mengi kuna puti, kijazio cha mabonde ya bati, chini yake. Rangi ya sprei ya mtaani huweza kuwa nene na bado ikawa laini, hivyo unene peke yake usikudanganye.

Osha kama ilivyoelezwa. Lami itolewe kwa dawa yake au kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa: weka, subiri dakika moja, pangusa bila kukandamiza, osha tena kwa shampuu. Kisha vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upapase rangi. Utahisi vipele ambavyo vidole vitupu havivihisi. Hivyo hutolewa kwa klei ya magari, donge laini kama udongo wa mfinyanzi, ikiteleza juu ya maji ya shampuu, kwa mistari mifupi bila nguvu. Ikianguka, itupe. Klei yenyewe huacha alama hafifu, ndiyo maana haitumiwi kama hupolishi baadaye.

Funika kwa tepu ya karatasi kingo zote kali, raba na plastiki nyeusi. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi, na ndiko mashine hutoboa kwanza.

Mashine ya kufaa anayeanza ni ile ambayo pedi yake huzunguka na kuyumba kwa wakati mmoja, yenye myumbo wa milimita 8 hadi 15 na pedi ya inchi 5. Ile inayozunguka moja kwa moja hunyoa haraka, lakini joto lake hujikusanya mahali pamoja, na mikononi mwa asiyeizoea huacha mawimbi ya mwanga yanayocheza juani, ambayo yanaudhi kuliko utando ulioukimbia. Grainda ya kukatia chuma iliyofungwa pedi isiguse gari hata siku moja. Nyingi huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, ilhali polishi ya mzunguko hufanyika kwenye 1,000 hadi 1,500.

Chagua eneo la majaribio la sentimita 40 kwa 40 kwenye boneti. Anza na kilicho laini zaidi: pedi laini na polishi ya kumalizia. Ikishindwa, badilisha pedi iwe ya wastani. Ikishindwa tena, ndipo uilete kompaundi. Mafundi wengi huanza na kompaundi kwa sababu matokeo huonekana upesi, na hapo wanatumia maikroni tatu kwa kazi iliyohitaji moja.

Pedi mpya ipakwe polishi uso wote, kisha kila eneo liongezewe matone manne yenye ukubwa wa punje ya mahindi. Gusisha pedi kwenye rangi kabla ya kuwasha, la sivyo polishi itarukia kioo. Sambaza kwa kasi ya 1 au 2, kisha panda hadi 4 au 5. Sogea kama sentimita 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia, kwanza kulalia, kisha kusimamia, hadi umepita mara nne mpaka sita. Chora alama kwa wino kwenye sahani ya pedi: ukiona haizunguki tena, umekandamiza mno au umeinamisha mashine, na hapo kunyoa kumesimama. Joto la bati liwe la uvuguvugu. Usipoweza kutuliza kiganja, ondoka hapo.

Kila eneo likiisha, sugua pedi kwa brashi safi. Pedi iliyojaa rangi iliyonyolewa na polishi iliyokauka ndiyo sababu kubwa ya kazi kuanza vizuri kwenye boneti na kuharibika kwenye milango. Gari moja dogo huhitaji pedi nne hadi sita za kupokezana.

Kisha linakuja jaribio la ukweli. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mifereji na kuificha. Pangusa eneo kwa alkoholi ya isopropili: kama ni ya asilimia 70, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji. Spiriti ya kupaka ngozi haifai, maana baadhi huchanganywa na mafuta ya mbarika, nayo yatakufichia yaleyale unayotafuta. Angalia kwa tochi ya simu au jua, si chini ya taa ndefu za dari, ambazo mwanga wake uliosambaa hufuta utando machoni. Kazi ya kulipia nayo ipokelewe hivyohivyo, nje, juani, baada ya alkoholi. Gari linalong'aa jioni ya kukabidhiwa na kurudisha utando baada ya kuoshwa mara tatu halikusahihishwa, lilijazwa.

Dawa ya meno mnayoisikia kuwa huondoa mikwaruzo ni kompaundi hafifu isiyojulikana ukubwa wa chembe zake. Iacheni kinywani.

Baada ya hapo

Nta hudumu kwa wiki chache katika jua letu, dawa za kisasa za polima miezi kadhaa, na keramiki mwaka mmoja au zaidi ikipakwa vizuri. Keramiki haiwi ngao dhidi ya kitambaa chenye mchanga. Ni tabaka la maikroni moja au mbili hivi. Faida yake ni kwamba uchafu haushiki sana, hivyo maji hutoa mwingi kabla hujagusa. Inataka saa 24 za kwanza bila maji, na Kisumu katika masika, Machi hadi Mei, mvua ya alasiri haipigi hodi. Usiianze bila paa juu yake.

Vitambaa vya maikrofaiba vya gramu 300 hadi 400 kwa mita mraba vinatosha kwa kazi nyingi. Vifuliwe peke yake kwa sabuni ya maji, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa hiyo huziba nyuzi zinazonasa uchafu. Visifuliwe na pamba, kwani hukusanya manyoya yake. Vya kufutia rangi ya gari, vya rimu na vya injini viwe na rangi tatu tofauti ili visichanganywe hata na mtu mwingine nyumbani. Na vianikwe ndani au chini ya veranda, si juu ya ua unaopakana na barabara ya murramu, ambako kila bodaboda inayopita huvirudishia mchanga uliotoka kuutoa.